Mwezi Mzima wa Dalenda

Katika nyumba ya Lalla Shedlia, pale Nabeul, kulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: mwanamke aliye katika siku zake haukaribii mtambo wa maua. Unaweza kuchelewa kuamka, ukaunguza supu, hata ukajibizana na Lalla mwenyewe kama una roho ngumu, na utasamehewa kabla ya magharibi. Lakini ukiwa hedhini ukaugusa ule mtungi wa shaba wenye shingo ndefu, unaowekwa uani kila msimu na kujazwa maua ya mdanzi ili kupata maji ya marashi, basi maji yake yataharibika na kunuka. Ndivyo alivyosema Lalla Shedlia. Alisema pia kwamba alifundishwa hivyo, na waliomfundisha nao walifundishwa, na huko nyuma zaidi hakuna aliyethubutu kwenda kuuliza.

Dalenda, mke wa mwanawe wa pekee, aliijua sheria hiyo kuliko wote kwa sababu ilimwangukia yeye kuliko wote. Miaka tisa ya ndoa, na karibu kila msimu, wanawake wa mtaa walipokaa uani kuchambua maua meupe na kusengenya kwa raha zao, yeye alikuwa chumbani amejikunja, tofali la moto limeviringwa kitambaa na kuwekwa tumboni, meno yameuma mto. Harufu ya maua ilimfikia kupitia dirishani. Wengine harufu ile huwakumbusha harusi. Yeye ilimkumbusha kutapika.

Hayakuwa yale maumivu ya kusema "tumbo linanisokota", ukanywa chai ya mitishamba yakapita. Aliwahi kuzimia mbele ya karai la mafuta akikaanga briki, zile sambusa za futari, na kama si jirani yao Wasila kumdaka kwa shungi, angeungua uso. Walimsomea, wakamfukizia ubani, wakamwondolea jicho la husuda kwa risasi iliyoyeyushwa. Mtu mmoja mwenye ndevu nzuri alisema kuna mtu amemfunga uzazi kwa kufuli na kulitupa kisimani, wakapoteza siku nzima kuchungulia visima vya watu. Na juu ya yote hayo, mtoto hakuja.

"Kila mwanamke huumwa, mwanangu," Lalla Shedlia alikuwa akisema mlangoni, bila kuingia. "Mimi niliumwa, na sikulala hata siku moja. Wewe lala tu, kwa kuwa mtambo huwezi kuugusa. Isingekuwa mtambo, ningekuinua."

Kisha akaufunga mlango polepole, na watoto wa jirani wakipiga kelele kibarazani aliwafukuza kwa kiatu.

Aliyevunja mzunguko huo alikuwa Moez, mumewe Dalenda, mchora vigae, mtu wa maneno machache na vidole vyenye rangi ya buluu isiyotoka. Baada ya ile siku ya karai alimpeleka mkewe Tunis kwa daktari wa kike, Ibtisam, mama mfupi ambaye miwani yake ilikaa juu ya nywele muda wote, utadhani macho yake yako huko.

"Ulianza lini kuumwa?" daktari aliuliza.

"Tangu nilipovunja ungo."

"Wakakuambia nini?"

"Kwamba nikiolewa yatakwisha."

"Ukaolewa."

"Wakasema nikizaa yatakwisha."

Daktari Ibtisam aliishusha miwani, akamtazama vizuri. "Na ukizeeka wangekuambia ukifa yatakwisha. Panda kitandani, binti yangu, nikupime."

Alipima, akapiga picha, akarudia kupima. Halafu akawaeleza wote wawili bila haraka, na Dalenda aliyakumbuka maneno yale maisha yake yote. Ile nyama laini iliyo ndani ya mfuko wa uzazi, alisema, kwake imeota pia nje ya mfuko, huku na huku kiunoni. Kila mwezi inavuja damu kama ile ya ndani, lakini haina pa kutokea. Inavimba na kunata, inavutana na kila kilicho karibu nayo. Ndiyo maumivu. Si jicho wala kufuli, na si udhaifu wa moyo.

Dalenda alianza kulia hapo hapo, na kilichomliza si ugonjwa. Alilia kwa sababu ulikuwepo, una mahali pake, na kuna mtu ameuona.

"Na nani anayeiamrisha ivuje?" daktari aliendelea. "Amri inatoka mbali. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere. Yenyewe ndiyo inayotuma habari kwa vifuko vya mayai, navyo vinaamka na kuamsha kila kitu."

"Njegere, daktari?" Moez aliuliza. "Hizi hizi tunazokula?"

"Hizi hizi. Sasa, nina sindano. Dawa yake inakwenda kuibishia hodi ile tezi, mfululizo, bila kupumzika. Mwanzoni tezi itaitikia kwa kelele, kwa hiyo majuma ya kwanza mtaniona mwongo, maana atateseka zaidi. Halafu itachoka na hodi hiyo, itanyamaza. Ikinyamaza, vifuko vinalala, na ile nyama haina tena wa kuiamrisha."

"Kwa hiyo inaufunga uzazi?" Sauti ya Moez ilikuwa ndogo.

"Inaulaza, kwa miezi michache. Aliyelala huamka. Siwaahidi mtoto, msije mkanibebea bango hapa mlangoni. Nawaahidi kimya. Katika kimya hicho nitaingia nisafishe, kisha tutajaribu, na yaliyobaki ni ya Mungu."

Kilichosukumwa chini ya ngozi ya tumbo la Dalenda kilikuwa kipande chembamba, hakizidi punje ya mchele. Alikitazama ndani ya sindano kabla hakijaingia. "Hiki ndicho kitakachokwenda kuzungumza na kichwa changu?"

"Ndicho," alisema muuguzi, kama anayeulizwa njia ya sokoni.

Walipotoka nje, Moez alisimama ghafla kando ya ukuta wa hospitali. "Mama tusimwambie."

"Tumwambie nini basi?"

"Vitamini. Dalenda, miaka tisa anamngoja mjukuu. Leo nimwambie mke wangu anachomwa sindano ya kulaza uzazi? Atakufa kwanza, kisha atafufuka aniue."

Dalenda alicheka, lakini moyoni alijua si mzaha. Katika nyumba ile mwanamke asiyezaa alikuwa anavumiliwa kwa sababu hakupenda iwe hivyo. Mwanamke anayekwenda kwa miguu yake kuulaza uzazi wake angeambiwa afunge nguo zake arudi kwao Kelibia, na majirani wangemsaidia kubeba. Kwa hiyo akanyamaza. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawasemi afanye nini anayeficha dawa.

Majuma ya kwanza yalikuwa kama alivyoonywa. Alitambaa kutoka kitandani hadi chooni, akamlaani daktari na miwani yake. Sindano ya pili aliipokea kwa kukunja uso. Baada ya hapo tarehe yake ikafika, naye akajiandaa kama siku zote: tofali jikoni, ndoo kando ya kitanda, mto wa kuuma. Alilala akiyasubiri maumivu kama vile mtaa mzima unavyomsubiri mlevi wake apite akitukana. Saa ya mlevi ikafika. Hakupita.

Kesho yake hakupita. Wala mtondo.

Dalenda aliketi kitandani, akaweka viganja viwili tumboni, akasikiliza. Kulikuwa na kimya mle ndani ambacho hakuwahi kukisikia tangu alipokuwa mtoto wa kuruka kamba. Punje ya mchele imesema na njegere, na njegere imetii, na mwili mzima huu, wenye mikono na miguu na jina, ulikuwa unaongozwa na mazungumzo ya vitu viwili visivyojaza hata kijiko! Aliona haya kuusimulia mshangao wake kwa Moez, akaishia kusema, "Subhanallah," naye Moez akajibu, "Vipi, panya?"

Mwezi wa Ramadhani uliandama mwaka ule sambamba na maua. Midanzi ya mji ilipasuka yote kwa pamoja, Nabeul ikanukia mpaka ndani ya benki. Sindano ya tatu ilikuwa imeshachomwa, na Dalenda akafunga siku ya kwanza, na ya pili, na juma la kwanza, na la pili, na mfungo ukaendelea tu.

Anayejua anajua. Tangu alipobaleghe hakuwahi kuuvuka mwezi ule bila mfungo wake kukatika. Kila mwaka ilikuwa ni kula kwa kujificha nyuma ya mlango wa jikoni, akitafuna kimya kimya ili baba mkwe, Mungu amrehemu, asisikie. Kisha kuzilipa siku zile peke yake wakati wa baridi, watu wote wakinywa chai mbele yake. Safari hii alisimama katika tarawehe kila usiku, bega kwa bega na wanawake wenzake. Msahafu aliufungua mwanzoni mwa mwezi, akawa anausogeza mbele, juzuu baada ya juzuu, bila kuuweka chini hata mara moja. Alipofika sura zile fupi za mwisho, ambazo mtoto yeyote anazijua kwa moyo, alizisoma kwa sauti ya mtu anayeingia mji asioujua.

Na mtambo aliugusa. Si kuugusa tu. Aliushika msimu mzima. Alichambua maua juu ya shuka jeupe, akajaza mtungi, akaziba maungio kwa kinyunga na vitambaa, akakaa kwenye kigoda kulinda moto usizidi. Moto wa maua unataka adabu. Ukiuzidisha unapata supu. Mvuke ulipanda, ukapoa shingoni, na tone la kwanza likaning'inia mdomoni mwa bomba, likatafakari, likadondoka ndani ya fashka, ile chupa kubwa ya kioo iliyosukiwa ukindu. Dalenda alikuwa na saumu, hakuweza kulionja. Alilitazama tu, na machozi yakamlengalenga.

Tatizo ni kwamba hakuwa peke yake aliyekuwa anatazama.

Lalla Shedlia alikaa upande wa pili wa ua, shuka limemviringa mabegani kwa ajili ya upepo wa bahari. Mkwewe alikuwa anajipepea kwa sinia. Joto lile la ghafla, ambalo daktari alishamwonya kwamba dawa huleta, lilimpanda Dalenda kifuani hadi masikioni mara kadhaa kwa siku, akawa mwekundu kama pilipili zinazoanikwa ukutani, kisha likashuka. Lalla aliona joto. Aliona mfungo usiokatika. Aliona mtambo ukishikwa juma baada ya juma bila mtu kuomba udhuru. Mwanamke wa mji mwingine angeuliza. Mwanamke wa Nabeul, msimu wa maua, mwezi wa Ramadhani, alijumlisha mwenyewe na kupata jibu moja tu.

"Weka chini hiyo fashka!" alisema siku moja Dalenda alipoinua chupa. "Utajivunja. Moez ana mikono ya nini?"

Wakati wa daku alianza kumwekea peke yake bakuli la mesfufu lenye tende na zabibu, na maziwa juu. "Kula, mwanangu. Usile kwa ajili yako tu." Akaziba mdomo kwa kiganja, akaenda zake akitabasamu.

Wasila, jirani, hakuwa mtu wa kuziba mdomo. "Shoga, siku zako zimepanda boti zimezamia Italia?" alimnong'oneza juu ya shuka la maua. "Na viza hazina! Mwezi mzima unafunga kama mwanaume. Lalla amenifinya mkono nisikuulize, sasa mimi nakuuliza."

"Nimepata nafuu tu," alisema Dalenda.

"Nafuu hiyo itavaa nepi."

Hapo ndipo alipoelewa. Alikwenda stoo, akaikuta fashka ya maji ya kwanza kabisa ya msimu, yale mazito ambayo hayauzwi, imefungwa utepe mweupe shingoni. Lalla Shedlia alikuwa nyuma yake.

"Ya nani hii, Mama?"

"Ya mwenye kuja," alisema mama mkwe, na uso wake wote ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo Dalenda hakuwahi kuiona.

Usiku ule alimshika Moez shati, akamtaka amwambie mama yake ukweli. Moez akasema ngoja Idi ipite. Moez alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na mbio: kila ukikaribia mlango wa mama yake uligeuka na kutimka.

Asubuhi ya Idi ua ulijaa. Wanawake walikuja na sahani za vitumbua vya unga wa dengu na keki za lozi, mavazi yananukia, mabusu manne manne. Dalenda alikuwa jikoni akimenya njegere za chakula cha mchana, maana msimu wake ulikuwa huo, aliposikia sauti ya mama mkwe nje ikisema, "Kaeni, kaeni, msiondoke. Leo nina jambo." Kisha Lalla Shedlia akaingia jikoni, fashka ya utepe mweupe kifuani, kuchukua bilauri.

Akitoka nayo, basi. Neno likishasikiwa na ua ule halirudi tena. Litafika Hammamet kabla ya adhuhuri. Dalenda aliinuka, njegere zikamwagika kutoka mapajani, akausukuma mlango ukafungika.

"Mama, sina mimba."

Lalla Shedlia aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu ambaye habari haijamfikia miguuni.

"Sina mimba. Ni sindano. Kuna dawa nachomwa Tunis kila mwezi, inalaza uzazi. Ndiyo imezuia siku zangu. Si vitamini. Nilikuficha, na Moez anajua."

Fashka iliwekwa mezani. Nje Wasila alikuwa anacheka.

"Umeulaza uzazi," Lalla alisema. "Kwa hiari yako. Ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nafunga utepe, wewe unaulaza uzazi!" Alipiga meza kwa kofi. "Toka mbele yangu. Hapana, simama hapo. Simama nikuone." Alihema. Alimtazama Dalenda toka utosini hadi miguuni, akatafuta neno la kumchoma, na Dalenda akaliona neno linakuja, lina jina la Kelibia ndani yake. Halafu kitu kikabadilika machoni mwa mama yule.

"Na maumivu?" aliuliza.

"Hakuna, Mama."

"Yamepungua, au hakuna?"

"Hakuna."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

"Hata haya?" Lalla Shedlia alipeleka mkono nyuma ya kiuno, akabonyeza mahali fulani, kisha akaushusha mkono taratibu juu ya paja la kushoto, ukapinda kwa ndani, ukaishia gotini. Njia ile ya maumivu Dalenda hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote, hata daktari aliitafuta mwenyewe kwa vidole.

"Mama, umeijuaje?"

Mama mkwe alivuta kigoda akakaa. "Moez alikuja mwaka wa kumi na mbili wa ndoa. Hukuwahi kujiuliza kwa nini yuko peke yake?"

"Ulisema hukulala hata siku moja."

"Nilisema. Ningesema nini? Mama mkwe wangu aliamini jicho, aliamini majini, aliamini najisi. Maumivu hakuyaamini. Ningekuwa nafia mlangoni angeniambia, ukishakufa ufagie. Kitu pekee alichokiogopa duniani kilikuwa maji yake kuharibika." Alikuwa anakisemesha kile kitambaa cha meza, si Dalenda. "Basi nikamwambia kwetu mwanamke wa siku zake hagusi mtambo, maji yananuka. Akaogopa. Akasema, nenda kalale."

"Kwa hiyo ile sheria..."

"Sheria gani? Nilitaka kulala."

Dalenda alipiga magoti chini kati ya njegere zilizomwagika. Miaka tisa aliichukia sheria ile kama ukuta, kumbe mtu alikuwa ameushikilia ukuta huo usimwangukie. Mlango uliofungwa polepole. Kiatu kilichowafukuza watoto.

"Kila ulipojikunja nilikuona," alisema Lalla Shedlia. "Sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Nilikuwa na ule uongo tu, nikakuachia." Akajifuta pua kwa ncha ya shuka. "Unaitwaje ugonjwa wenyewe? Una jina?"

"Una jina, Mama. Nitakuandikia."

"Una jina," alirudia. "Na aliyekuwa anatuua ni nani? Sindano inakwenda kumnyamazisha nani?"

Dalenda aliokota njegere moja sakafuni, akamwekea kiganjani. "Tezi kama hii. Iko kichwani, chini ya ubongo. Yenyewe ndiyo inayoamrisha."

Lalla Shedlia aliisogeza hadi dirishani kwenye mwanga. Aliigeuza kwa kidole gumba. Ilikuwa njegere ya kijani, mbichi, isiyo na lolote. Midomo yake ilitikisika bila sauti, na Dalenda, aliyedhani ataulizwa swali jingine, alitambua kwamba mama mkwe wake alikuwa anasabihi.

"Hiki," alisema hatimaye. "Ujana wangu wote. Hiki."

Mlango ukagongwa. "Lalla! Jambo lenyewe litaiva leo au kesho?" Alikuwa Wasila.

Lalla Shedlia alisimama, akaichukua fashka, akamshika Dalenda mkono, akatoka naye uani, kwenye macho yote yale. Aliufungua utepe, akaanza na viganja vya mkwewe kabla ya wageni, kinyume cha adabu zote, akamimina maji ya kwanza ya msimu mpaka yakafurika na kulowesha nguo ya Idi.

"Haya tuambie," alisema Wasila. "Mjukuu?"

"Mjukuu akitaka atakuja. Mkwe wangu amefunga mwezi mzima." Akawageukia wote. "Haumwi! Mnasikia? Haumwi!"

Wanawake walitazamana, hawajui ni habari ya kupongeza au ya kupeana pole. Mmoja tu, mama mnene aliyekaa pembeni karibu na mdanzi, aliweka sahani yake chini na kushika kiuno, upande wa kushoto. Lalla Shedlia alimwona. Akarusha kichwa nyuma akapiga vigelegele peke yake, virefu, njegere bado imo ndani ya ngumi.